Tuulize: Mizuka na Kiinimacho cha Sinema Bubu

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu sinema za njozi za enzi ya bubu imetuletea barua nyingi, na nyingi kati yake zinauliza jambo lilelile: mazingaombwe yale yalifanywaje, na je, mtu mwenye simu tu anaweza kuyafanya? Anaweza. Tumechagua maswali yatakayowafaa wengi. Marefu tumeyafupisha.

SWALI: Nilitaka kumfanya dada yangu atoweke kitini kama kwenye filamu za Mfaransa Georges Méliès. Nilirekodi, nikasimamisha, akaondoka, nikarekodi tena. Picha inaruka, na kila anayeiona anajua nimekata. Wale wa 1896 waliwezaje?

JIBU: Picha inaruka kwa sababu umeigusa simu mara mbili. Kidole kinachobonyeza kitufe huisogeza milimita moja au mbili, na jicho halisamehe hata nusu yake, maana ukuta wote wa nyuma unahama kwa pamoja. Dawa ni kutoigusa kabisa. Acha irekodi mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kata baadaye kwenye programu ya kuhariri.

Wala usidhani Méliès alitegemea kusimamisha kamera peke yake. Ukizikagua kopi za filamu zake zilizosalia, mahali mtu anapotoweka utakuta kiungo: mkanda umekatwa kwa mkasi ukaungwa kwa gundi. Sababu ni ya kimitambo. Kamera ya kuzungusha kwa mkono haisimami papo hapo. Mkono ukipunguza mwendo, kila fremu (picha moja moja ya mkanda) inakaa muda mrefu zaidi nyuma ya lenzi, inakula mwanga kupita kiasi, na ikioneshwa huwaka kama radi. Kamera ikianza tena, mambo ni yale yale. Kwa hiyo fremu mbovu za pande zote mbili zilikatwa zikatupwa, na zile nzima zikakutanishwa. Hivyo wanaosema "alisimamisha kamera, basi" wanakupa nusu ya kazi.

Sasa yako. Funga simu kwenye stendi nzito. Mfuko wa mchanga wa kilo mbili ukining'inizwa katikati ya miguu unatosha. Iweke kwenye hali ya ndege ili isitetemeke mtu akipiga. Gusa skrini na ushikilie kidole mpaka mwangaza na fokasi vifungwe. Usipofanya hivyo, dadako akiondoka simu itaona nafasi imebadilika, itajiongezea au kujipunguzia mwanga, na ukuta utabadilika rangi palepale penye kiungo. Funga mapazia na utumie taa, kwa kuwa wingu moja likipita dirishani kazi imeharibika. Angalia pia vitu vinavyosogea vyenyewe: feni, saa ya ukutani, moshi, majani ya mti.

Dadako akiwa amekaa, mtu wa pili asimame kando yake, na mahali pa miguu ya mtu huyo pabandikwe utepe sakafuni. Mtu huyo ndiye anayebeba hila yote. Anyooshe mkono kuelekea kitini, na mkono ukiwa ungali njiani mpige kelele: ganda! Yeye anaganda, dadako anainuka taratibu bila kugusa kiti na kutoka nje ya picha, mnahesabu tano, kisha aliyeganda anaendelea na ishara ileile pale alipoiachia. Mkono ulionyooshwa mbali na mwili hutetemeka ndani ya sekunde chache, kwa hiyo achague mkao ambao kiwiko kimeegemea ubavu.

Mahali pa kukata ndipo wengi wanapokosea. Wanakata katikati ya ule mgando, na matokeo yake mtazamaji anamwona mtu ameganda, anashtuka, anangoja kitu kitokee. Kata fremu ya mwisho ambayo mkono bado unakwenda, uiunge na fremu ya kwanza ambayo mkono umeanza tena kwenda. Mwendo unalivuta jicho juu ya kiungo. Kama mkono umeshuka sentimita mbili wakati wa kungoja, sogeza kiungo mbele fremu mbili tatu mpaka ulingane.

Na tafadhali usiweke ule mpito laini ambao picha moja inafifia ndani ya nyingine. Kwa maoni yetu huo ndio unaoua utamu wote. Ubaridi wa filamu hizi uko katika ghafla yake: mtu yupo, mtu hayupo, na chumba hakijali. Ukitaka kuficha kiungo, tumia vumbi jepesi, ila lianze katika kipande cha *pili*, fremu yake ya kwanza kabisa. Likianza katika kipande cha kwanza, kata litaliacha hewani nusu, na fremu inayofuata hewa itakuwa safi. Unga wa chaki unafaa. Unga wa ngano usiutumie karibu na moto wowote, maana ukitawanyika hewani hulipuka.

SWALI: Ni kweli hila hii iligunduliwa kwa bahati, kamera ilipokwama barabarani?

JIBU: Hicho ni kisa alichokisimulia Méliès mwenyewe mwaka 1907: kamera yake ilikwama Place de l'Opéra jijini Paris, ikachukua kama dakika moja kuinasua, na alipoonesha mkanda akaona basi la farasi limegeuka gari la maiti na wanaume wamegeuka wanawake. Kisa kitamu, na wanahistoria wengi wanakipokea kwa tahadhari. Linalojulikana ni kwamba mwaka 1895 kampuni ya Edison nchini Marekani ilikuwa imeshaonesha kukatwa kichwa kwa malkia Mary Stuart: waigizaji waliganda, mwigizaji wa malkia akaondolewa, sanamu ikawekwa, shoka likashuka. Mchango wa Méliès ni kuichukua hila iliyofichwa ndani ya tukio la historia na kuifanya ndiyo onyesho lenyewe. Alikuwa mwanamazingaombwe wa jukwaani, mwenye ukumbi wake wa Robert-Houdin tangu 1888. Katika filamu ya mwaka 1896 anayomfutilia mbali mwanamke, anatandaza gazeti chini ya kiti kwanza, ili mtazamaji asije akafikiri kuna mlango wa siri sakafuni. Mlango haukuhitajika tena, lakini mazoea ya jukwaani hayakumtoka.

SWALI: Nimepachika mzuka juu ya picha ya sebule. Ukutani unaonekana vizuri, akipita mbele ya dirisha anapotea, na miguu yake imezungukwa na ukungu. Nimekosea wapi?

JIBU: Kanuni iliyo nyuma ya mizuka yote ya sinema bubu ni moja: cheusi hakiachi alama kwenye filamu. Ukipiga picha ya mtu mbele ya kitambaa cheusi, sehemu nyeusi ya mkanda inabaki bikira, na unaweza kuurudisha mkanda nyuma ukapiga kitu kingine hapohapo. Kutokana na hili vinatoka vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni pacha mwenye mwili mzito. Hapo kila tabaka, yaani kila picha inayopigwa juu ya mkanda uleule, linaangukia sehemu iliyoachwa nyeusi, na hakuna linalopita juu ya jingine. Mwaka 1900 Méliès alijipiga hivyo akiwa wanamuziki saba walioketi safu moja. Mkanda uliingia kamerani mara saba, na kosa la mara ya saba lingeharibu zile sita zilizotangulia. Cha pili ni mzuka unaopenyeka kwa macho. Huu unapigwa juu ya chumba ambacho tayari kimeshaacha alama, kwa hiyo nuru yake inajumlishwa na ya chumba.

Neno *kujumlishwa* ndilo jibu la dirisha lako. Dirisha limeshajaa mwanga hadi mwisho, na ukiongeza nuru juu ya cheupe unapata cheupe kilekile. Chumba kiwe na giza, mzuka uwe mweupe. Funika dirisha, au mpitishe mbele ya kabati na milango ya rangi nzito. Kwenye programu yako chagua namna ya kuunganisha tabaka inayoongeza nuru ya moja juu ya jingine, siyo ile inayopunguza tu uzito wa picha. Hii ya pili inafifisha chumba pamoja na mzuka, na cheusi chako kinageuka utando wa kijivu.

Ukungu wa miguuni unatokana na kitambaa. Pamba nyeusi inarudisha mwanga, na poliesta inang'aa. Tumia mahameli, ining'inie angalau mita mbili nyuma ya mwigizaji, na itandikwe hadi chini ya miguu yake bila mikunjo. Taa zitoke pembeni, mbili, kila moja ikizuiwa kwa kadi isimulike kitambaa. Kikiendelea kuonekana, shusha weusi wa tabaka hilo kwenye programu mpaka mikunjo ife, kisha simama hapo; ukizidisha utakula pindo za nguo.

Vipimo ni lazima. Pima kwa futi kamba kimo cha lenzi kutoka sakafuni, umbali wake hadi mwigizaji, na kiasi ilichoinamishwa, uviandike, na uvirudie vilevile kwenye mahameli. Kimo kikitofautiana kwa sentimita kumi, mzuka utaelea juu ya zulia au kuzama ndani yake, na mtazamaji atahisi kuna kasoro hata kama hajui ni nini. Akitakiwa apite *nyuma* ya kiti, weka kiti kingine mahali palepale katika picha ya pili na ukifunike chote kwa mahameli: kile cheusi kitamkata mwili kwa umbo la kiti. Waigizaji wa sebuleni wanaotazama hewa tupu wahesabu kwa mdomo, na mzuka aigize kwa hesabu ileile. Sauti utaifuta. Filamu ni bubu.

Ukitaka kuona kazi hii imefikishwa mbali, tafuta *Körkarlen* ya Victor Sjöström, Sweden, 1921. Mpiga picha Julius Jaenzon alijumlisha matabaka ndani ya kamera iliyozungushwa kwa mkono, bila kompyuta wala skrini ya kumwonesha alichokipata.

SWALI: Kwa nini nyuso kwenye filamu hizo zinatisha hata pasipo hila yoyote? Macho meupe, midomo myeusi.

JIBU: Ni filamu yenyewe. Mkanda uliotumika kwa kawaida hadi katikati ya miaka ya 1920 ulikuwa kipofu kwa rangi nyekundu na mwepesi mno kwa bluu. Midomo na mashavu yenye wekundu yakatoka meusi, macho ya bluu yakatoka karibu meupe, anga ikawa karatasi tupu. Waigizaji walijipaka poda nene kusawazisha, na ndiyo maana uso unaonekana kinyago. Méliès aliamua kukwepa balaa: mandhari zake zilichorwa kwa kijivu cha viwango mbalimbali, bila rangi, ili ajue mapema kitakachotoka.

Kuiga ni rahisi. Geuza video yako kuwa nyeusi na nyeupe kwa kuchanganya rangi mwenyewe: bluu 70, kijani 30, nyekundu 0. Angalizo moja. Sehemu ya bluu ya video huwa na chengachenga nyingi, na balbu za mwanga wa manjano hutoa bluu kidogo sana, kwa hiyo piga kwa mwanga wa mchana au taa nyeupe kali. Ukipiga kwa balbu ya manjano utapata matope.

SWALI: Filamu hizi zinakimbia mno. Je, ndivyo zilivyokuwa?

JIBU: Mara nyingi kosa ni la aliyeihamishia kwenye video. Mpiga picha alizungusha mkono wa kamera kama mara mbili kwa sekunde, fremu 8 kila mzunguko, yaani fremu 16 au karibu yake. Mitambo iliyokuja na sauti ikapandisha hadi 24. Chukua *Le Voyage dans la Lune* (Safari ya Mwezini) ya Méliès, ya 1902, yenye urefu wa mita 260. Mita moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 52 na kitu, kwa hiyo jumla ni zaidi ya fremu 13,600. Kwa 16 inachukua dakika 14 na robo. Kwa 24 inamalizika kwa dakika 9 na nusu, na wanaanga wote wanaonekana wamechanganyikiwa.

Ukiwa na video inayokimbia, tafuta kitu kizito kinachoanguka. Kutoka kimo cha mita 1.2 hufika chini kwa nusu sekunde. Hesabu fremu halisi, usizihesabu zilizorudiwa: zikiwa 8, ilipigwa kwa 16; zikiwa 10, kwa 20. Video ya 24 iliyotokana na 16 irudishe kwenye asilimia 66.7 ya mwendo wake. Lakini usisawazishe kila kitu. Gari la farasi katika filamu ya mnyonya damu *Nosferatu* (1922) lilikusudiwa likimbie kwa kushtuka-shtuka. Walizungusha polepole makusudi.

SWALI: Kile kichwa kinachovimba hadi kupasuka, cha filamu ya Méliès ya 1901, kilikuzwaje bila kompyuta?

JIBU: Hakikukuzwa. Kililetwa karibu. Méliès aliketi kwenye kiti juu ya njia ya mteremko, mwili umefichwa kwa weusi, akavutwa kuelekea kamera. Kichwa hicho kikajumlishwa juu ya picha ya maabara iliyoachiwa nafasi nyeusi.

Kwa nini mteremko? Kamera ikiwa juu kuliko shingo, mtu akisogea mbele kwenye sakafu ya kawaida shingo inashuka kwenye picha, na kichwa kitaonekana kinazama mezani badala ya kuvimba juu yake. Shingo lazima isafiri kwenye mstari mnyoofu unaoelekea katikati ya lenzi. Tuseme lenzi iko sentimita 60 juu ya shingo, na mtu yuko mita 4. Akifika mita 2 kichwa kimekuwa kikubwa mara mbili, na shingo inapaswa kuwa imepanda sentimita 30: mteremko wa sentimita 15 kwa kila mita. Funga uzi kutoka lenzi hadi shingoni ukague. Vuta kwa mwendo unaopungua kadiri anavyokaribia, vinginevyo mwanzoni havimbi na mwishoni anaruka. Fokasi itakusumbua, taa nyingi na kuanzia mbali kidogo husaidia.

SWALI: Katika kopi yangu ya *Nosferatu* mnyonya damu anatembea jua kali. Si alitakiwa afe?

JIBU: Una kopi iliyopoteza rangi. Matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha mkanda ukachovywa rangi: bluu kwa usiku, manjano ya kahawia kwa ndani penye taa. Kopi nyeusi-nyeupe zilizozagaa kwa miongo mingi ziliacha bluu hiyo nyuma. Tafuta iliyorekebishwa. Ule msitu mweupe wenye anga jeusi, hata hivyo, si kosa: hapo mwongozaji F. W. Murnau aliweka negativu (mkanda wa awali, ambao cheupe na cheusi vimegeuzana) kama ilivyo.

SWALI: Na rangi za kwenye filamu ya mwezini, ni za kweli?

JIBU: Ni za brashi. Karakana ya Elisabeth Thuillier mjini Paris iliajiri wanawake zaidi ya 200, kila mmoja na rangi yake, wakipaka kopi fremu baada ya fremu, kila fremu pana kama milimita 24. Rangi ilikuwa ya maji na yenye kupenyeka, ndiyo maana kivuli cha picha kinabaki chini yake. Kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kurudia mpaka uleule mara 13,600, rangi inatetemeka juu ya nguo na kupumua. Ukiiga kwa kompyuta, usinyooshe mipaka. Kopi moja ya rangi ilipatikana Barcelona mwaka 1993, imegandamana vibaya. Baada ya matengenezo ilioneshwa Cannes mwaka 2011. Ni bahati kwamba ilibaki, maana Méliès alizichoma negativu zake mwenyewe mwaka 1923, na kabla ya hapo jeshi la Ufaransa lilikuwa limeyeyusha mamia ya kopi zake wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na seluloidi yake (plastiki ya mkanda) ikaishia kwenye visigino vya viatu.

SWALI: Mwanangu anataka kumbeba kaka yake kichwani kwa kidole kimoja, kama wale wanasarakasi wa mtengeneza filamu Mhispania Segundo de Chomón. Kuna hatari?

JIBU: Hakuna, kwa kuwa wote watakuwa wamelala. Katika *Les Kiriki* ya 1907 kamera ilitazama chini kutoka juu, na wanasarakasi walijiviringisha kwenye sakafu nyeusi. Simu iwe mita 2.5 juu, imefungwa kwa kamba ya pili ya akiba ili isimwangukie mtoto, lenzi ikitazama chini wima kabisa. Kinachofichua siri ni nywele na nguo, kwani huangukia sakafuni badala ya kuelekea miguuni. Suka au funga nywele, chomeka shati, pindo za nguo zishonwe kwenye suruali, na kofia ifungwe kidevuni. Anayeigiza kutembea asogee kwa kuvuta visigino. Akiinua mgongo, kivuli kinatokea chini yake na mchezo umeisha. Taa ziwe mbili, kila upande moja, kimo kimoja.